Wastaafu na Simba wa Tsavo

Simba wawili waliowahangaisha wajenzi wa reli kwenye mto Tsavo mwaka 1898 hawako Kenya. Wako Chicago, Marekani, ndani ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Field. Wageni wengi huwaona wadogo kuliko sifa zao. Asubuhi ya siku ya kazi, wakati mabasi ya shule yanashusha watoto nje, atakayewaeleza kwa nini huenda akawa babu au bibi aliyestaafu, mwenye kitambulisho cha kujitolea kifuani. Vijana wako kazini saa hizo; wastaafu ndio wenye nafasi.

Maelezo yenyewe yana utamu wake. John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwaua simba hao Desemba 1898, akazitandika ngozi zao nyumbani kama mazulia. Zilikanyagwa kwa takriban miaka 25, hadi alipoyauzia makumbusho mwaka 1924 kwa dola 5,000. Kufikia hapo zilikuwa zimechakaa, na wanyama waliotengenezwa kutokana nazo wakatoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Makumbusho yana mafuvu yao pia. Moja lina chonge lililovunjika, na kwenye mzizi wake palitunga usaha. Wapo watafiti wanaosema maumivu hayo yalimfanya simba huyo ashindwe kumwangusha nyati, akamgeukia mtu aliyelala hemani. Wengine wanakumbusha sotoka iliyofyeka nyati katika miaka ya 1890.

Yote haya hayaenei kwenye kibao cha maandishi. Yanataka mtu asiye na haraka, anayeweza kumsikiliza mtoto akiuliza swali lile lile la watu wangapi waliliwa, na asimpe jibu la mkato. Patterson alifikia kutaja 135. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa na nywele za simba hao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kama 35. Patterson huyo huyo aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuwekwa. Mimi hapo ndipo ningependa kiongozi wa wageni akae zaidi: Wahindi waliandikwa kwenye daftari, Waafrika wakaachwa.

Kaskazini mwa jiji hilo hilo kuna bustani ya wanyama ya Lincoln Park, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo hadi leo haitozi kiingilio. Gorila aliyeitwa Bushman, mzaliwa wa Kameruni, aliishi hapo kuanzia 1930 hadi alipokufa Januari 1, 1951. Mwili wake uliohifadhiwa sasa uko Field. Mzee wa Chicago aliyezaliwa mapema miaka ya 1940 huenda alishikwa mkono na mama yake kwenda kumtazama akiwa hai. Kumbukumbu ya namna hiyo haifundishwi darasani. Mengine hufundishwa, na wanaojitolea hupewa mafunzo kabla ya kukabidhiwa wageni, maana mapenzi ya wanyama pekee hayamtoshi mtu kueleza maisha yao.

Nayaandika haya nikiifikiria Nairobi. Katika Makumbusho ya Reli limo behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Alikuwa amekaa humo amvizie simba huyo, usingizi ukamchukua. Mtu anaweza kulitazama dirisha na kujiuliza mnyama mkubwa vile alipitaje.

Kenya ina wastaafu wa reli: madereva wa treni, mafundi wa njia, wakuu wa stesheni waliolala Voi na Mtito Andei miaka nenda miaka rudi. Wanajua usiku wa nyika unavyosikika kutoka ndani ya behewa. Ningetamani kila kundi la wanafunzi lipokewe na mmoja wao. Ila mstaafu wetu hayuko sawa na yule wa Chicago. Pensheni yake mara nyingi inaishia kwenye dawa na karo za wajukuu. Kumwomba ajitolee huku akijilipia matatu kutoka Kitengela ni kumwonea. Apewe nauli, chakula cha mchana, kiti cha kupumzikia baina ya kundi na kundi, na mafunzo ya historia yatakayomwezesha kuwataja hata wale wasioandikwa.