Fedha Taslimu Mkononi, Akaunti Salama Benki
Mjini Tunduma, hatua chache kutoka Nakonde ya Zambia, shilingi na kwacha hubadilishwa mchana kutwa. Wapo watumiaji walioamua kulipia mahitaji ya kila siku kwa fedha taslimu, ili namba ya siri isipite machoni pa watu wengi. Uamuzi huo tunauona wa busara, mradi kiasi kinachotolewa kiwe cha siku chache tu; noti zikiibiwa ni vigumu kurejeshwa.

Hatari kubwa tunaiona kwa wakala, hasa penye foleni ndefu: mteja mwenye haraka humtajia namba ya siri, au humkabidhi simu ili amalizie muamala. Usifanye hivyo, hata kama wakala ni jirani yako. Bonyeza mwenyewe, subiri ujumbe, hesabu noti kabla ya kuondoka dirishani. Kwacha zibadilishwe katika duka lenye leseni ya Benki Kuu, nawe udai risiti.

Ukipokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, usijibu. Iripoti namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.