Vitabu 14 chini ya Rwenzori

Na Mwandishi Wetu, Rukoki

MTU aliyekulia Rukoki hahitaji kubembelezwa ili afuate hadithi ya ajabu. Tuko karibu na Ikweta, lakini juu ya safu ya Rwenzori kuna theluji. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na wazee wa Kikonzo husimulia kwamba huko kwenye theluji ndiko anakoishi Kitasamba.

Labda ndiyo maana mfululizo wa The Wheel of Time umenikamata hivi. Ni riwaya 14 zilizoanzishwa na Mmarekani Robert Jordan. Ya kwanza ilitoka mwaka 1990, ya mwisho 2013. Jordan alifariki dunia mwaka 2007 akiwa ametoa 11. Brandon Sanderson alimalizia tatu zilizobaki kwa kufuata maandishi aliyoyaacha mwenzake.

Nimefika kitabu cha nne. Vijana wa kijiji cha mbali, ambacho watawala wamekisahau, wamejikuta wamebeba hatima ya dunia. Hapa Perrin, aliyekuwa mwanagenzi wa mhunzi, anasikia kwamba kwao kuna hatari, anageuza safari na kurudi. Sehemu hiyo niliisoma hadi jogoo wa kwanza. Kwa watu wa Kasese na Bwera, kupata habari mbaya za nyumbani ukiwa mbali si jambo la kubuni.

Raha inazidi ninaposimulia. Siku za soko, Bwera, hukutana na rafiki zangu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Wao walisoma kwa Kifaransa, mimi kwa Kiingereza. Tunaelewana kwa Kiswahili. Trolloc anakuwa zimwi. Uchawi nao una majina yake: sihiri, uganga, ndumba, kila moja na uzito wake. Maneno hayanipungukii. Wakiuliza, "Halafu?" inanibidi nisome sura nyingine kabla ya soko lijalo.

Lakini wameniuliza pia: kwa nini hadithi ndefu hivi isiandikwe kwa Kiswahili?

Si kwamba lugha yetu inaogopa njozi. Alfu Lela Ulela imesomwa kwa Kiswahili vizazi kadhaa. Mwaka 1951 Shaaban Robert alituchorea Kusadikika, nchi nzima iliyoko angani. Mwaka 1990, uleule wa kitabu cha kwanza cha Jordan, Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona, kisha Mzingile mwaka 1991. Vitabu vyembamba, lakini vya njozi tupu. Kigumu ni urefu. Mchapishaji anayetegemea kuuza shuleni atasita kuchapa kitabu cha pili kabla cha kwanza hakijarudisha gharama.

Sasa soko linapanuka. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wa Rukoki watafundishwa ngeli, na ni vyema. Ila lugha haipendwi kwa ngeli. Hupendwa pale mtoto anapokataa kuzima taa mpaka ajue zimwi limeishia wapi.

Wachapishaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakimtafuta msomaji wa namna hiyo, waje huku mpakani. Mimi nikimaliza hiki nitabakiza vitabu 10, na Kasindi wanangojea sura ijayo.