Ushikizaji wa Kimeng'enya cha Linamarase katika Upimaji wa Sianidi ya Muhogo: Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Muhogo hulimwa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, kwa chakula na biashara. Mizizi yake ina linamarini, ambayo huvunjwa na kimeng'enya cha linamarase na hatimaye kutoa sianidi. FAO na WHO zimeweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo ya unga. Mihogo michungu isiyosindikwa vyema imehusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa Tarime.

Linamarase iliyo katika maji huhitaji ubaridi ili isiharibike. Kwa sababu hiyo, Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walikikausha kimeng'enya hicho kwenye karatasi ya kuchujia. Mpimaji huweka miligramu 100 za unga juu yake ndani ya chupa ndogo, huongeza maji na karatasi ya pikrati, kisha hufunga kizibo. Kesho yake, rangi ya njano huwa imeelekea kahawia kadiri ya wingi wa sianidi.

Namna ya ushikizaji hutegemea matumizi. Muungano wa kikovalenti hukishika kimeng'enya kwa nguvu, lakini huweza kudhuru sehemu yake tendaji. Kile kinachong'ang'ania tu nyuzi za karatasi huweza kutolewa na maji. Hiyo ni kasoro katika mtambo unaokitumia tena na tena. Katika kipimo cha mara moja si kasoro. Kinachohitajika hapo ni uthabiti wakati wa kuhifadhi, ili unga upimwe kijijini Kisarawe bila jokofu wala maabara.