Je, Wajua? Sakafu ya Gereji Isiyoteleza

Je, wajua kwamba rangi ya sakafu yenyewe haizuii kuteleza? Epoksi tupu ikishakauka huwa laini kama kioo, na ndiyo maana inapendeza sana kwenye picha za dukani. Kinachoshika soli ya kiatu ni chembe ngumu zilizomwagwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Fundi anayekuuliza unapenda rangi gani kabla ya kuuliza gari unalioshea wapi, ameanzia mwisho.

Wajua kwa nini sakafu inayohimili mvua hukuangusha kwa kijiko kimoja cha oili? Vinundu vya sakafu sharti vitokeze juu ya utando wa kimiminika ndipo soli ivipate. Mamlaka ya usalama na afya kazini ya Uingereza hupima ukwaru huo kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwa maji safi inataka angalau 20, kwa maziwa 45, kwa mafuta ya zeituni 70. Kimiminika kikizidi kuwa kizito, vinundu navyo viwe virefu zaidi.

Je, wajua kwamba hakuna R1? Kwenye maboksi ya vigae na karatasi za maelezo ya rangi utakuta R9 hadi R13. Wengi wakiona R9 hudhani wamepata alama za juu, kumbe ndiyo ya mkiani. Alama hizo zinatokana na kipimo cha Kijerumani kilichoitwa DIN 51130. Mtu aliyevaa buti za kazi na mkanda wa usalama hutembea mbele na nyuma juu ya sakafu iliyopakwa oili ya injini, huku jukwaa likiinuliwa polepole upande mmoja mpaka ashindwe kusimama. Akiteleza kati ya nyuzi 6 na 10, hiyo ni R9. Ili sakafu ipate R13, lazima apite nyuzi 35. Kanuni za kazi za Ujerumani hutaka R10 kwa maegesho yaliyofunikwa, na R11 kwa karakana za kutengeneza magari. Kwa nyumbani, tafuta R10 kama gari linalala ndani tu, au R11 kama mvua inapiga ndani ama unamwaga oili mwenyewe. R13 mwachie mwenye machinjio. Kuipiga deki ni adhabu.

Na wajua kwamba kipimo hicho ni cha buti? Watoto wanaokimbia pekupeku wakati baba anaosha gari wana kipimo chao, kilichoitwa DIN 51097, cha miguu mitupu na maji ya sabuni. Madaraja yake ni A, B na C, na C ndilo linaloshika zaidi. Muuzaji akikuonyesha R peke yake, muulize na herufi.

Je, wajua adui mkubwa wa epoksi katika nyumba zetu? Ni niru. Ule ung'aavu wa saruji iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma tunaoulipia kwa fahari ni ngozi nyembamba isiyonywa kitu. Rangi hukaa juu yake bila kuzama, na baada ya miezi inabanduka vipande vipande pamoja na chembe zake. Jaribu hivi: dondosha tone la maji sakafuni. Likienea na kuacha doa jeusi, zege linakunywa. Likibaki limejikunja, pana niru, nta au oili ya zamani, na lazima sakafu ikwanguliwe kwa grainda yenye diski ya almasi kabla kopo halijafunguliwa. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini, maana vumbi la zege lina silika, na silika hiyo huua mapafu. Wapo wanaotumia tindikali badala ya grainda. Hao wakumbuke kutia tindikali kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali.

Zege jipya? Lisubiri siku 28.

Wajua unyevu hupanda kutoka chini? Bandika kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache mpaka kesho yake. Ukikibandua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, usipake. Wakazi wa pwani wana mtihani wa pili: hewa. Sakafu inatakiwa iwe na joto linalozidi kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutanda) kwa nyuzi 3 za selsiasi au zaidi, na asubuhi ya masika Tanga au Mombasa jambo hilo mara nyingi halipatikani. Epoksi iliyopakwa kwenye unyevu mwingi hutoa utando wa mafuta-mafuta juu yake. Usipooshwa kwa maji ya uvuguvugu, mkono wa pili wa rangi haushiki.

Je, wajua kwamba epoksi huweza kufuka moshi ndani ya ndoo? Sehemu zake mbili zikichanganywa zinatoa joto, na joto hilo likibanwa ndoo nzima inaganda ukiwa bado unatafuta rola. Mafundi wazoefu humwaga mchanganyiko wote sakafuni mara moja, kisha ndipo wanausambaza.

Mchanga wa ufukweni ni wa bure, lakini wajua kwamba chumvi yake huvuta maji na kuleta malengelenge chini ya rangi? Tafuta mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa, kama ule wa machujio ya mabwawa ya kuogelea. Na kila mkono wa rangi unaopakwa juu ya chembe huzizamisha zaidi. Ukimwambia fundi aongeze mkono mmoja ili ing'ae, umenunua kuteleza.

Tairi la moto huvuta rangi nyembamba likipoa. Mafuta ya breki hubabua rangi nyingi, kwa hiyo futa palepale. Jua linaloingia mlangoni hugeuza epoksi kuwa ya njano. Hapo mkono wa mwisho uwe wa polyurethani.

Lakini wajua sakafu ipi naiona bora kwa mtu ambaye bado hajamwaga zege? Isiyopakwa kitu. Zege likianza kukaza, fundi aburute mfagio mgumu juu yake kwa mistari inayokatiza njia ya kutembea, na sakafu iinamie mlangoni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Haing'ai, lakini haibanduki, na gharama yake ni mfagio.

Kama umeshaamua kupaka, usitoe malipo ya mwisho kwa kutazama. Fundi apake kwanza kipande cha mita moja ya mraba pembeni, kikauke kabisa. Kimwagie maji, kisha kijiko cha oili, ukikanyage kwa ndala zako mwenyewe huku umeshika ukuta. Kikiteleza, chembe ziongezwe kabla hajafungua kopo la pili.