Yale Madoa Meupe Kwenye Gari Jipya

Wanafunzi wenzangu mnaoosha magari wikiendi ili kusogeza siku mpaka bumu liingie, hii ni yenu. Na wewe ambaye mjomba kashusha gari na anakutegemea uliogeshe, usiruke ukurasa.

Gari "jipya" hapa kwetu mara nyingi ni lile lililotumika Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likafika Dodoma linameremeta. Mwenye nalo kalilipia kwa mkopo na analikagua kila saa. Unaliosha saa sita mchana, unaliacha likauke juani. Jioni anakuita: "Kijana wangu, gari nimekupa safi, mbona imeota chunusi?" Unatazama boneti nyeusi, unaona viduara vyeupe vimetapakaa. Unapiga sabuni, vipo. Unarudia, bado vipo. Hapo hela ya siku iko hatarini, na mteja naye anaondoka.

Kwa nini sabuni haivitoi? Jibu tulilisoma sekondari kwenye kemia, mada ya ugumu wa maji. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, hasa visima vya Mzakwe. Maji yakipita kwenye miamba huyeyusha madini, hasa ya kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka juu ya boneti, maji yanapaa lakini madini hayaendi popote, yanabaki pale pale kama kiduara. Ni ndugu wa lile gamba jeupe lililo ndani ya birika lako la hosteli. Sabuni kazi yake ni kung'oa mafuta na uchafu. Gamba hili kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na adui wa kaboneti ni asidi.

Ndiyo maana dawa yake iko jikoni: siki nyeupe. Asidi iliyomo hugeuza kaboneti kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji, na hewa ya kabonidioksidi inatoka. Baada ya hapo unaisuuza tu.

Lakini usikimbilie siki kabla hujapima. Osha gari kwanza, likaushe, halafu pitisha kidole taratibu juu ya doa. Ukihisi kama kachunusi, madini bado yako juu, na wewe unayaweza. Ukihisi pamelainika kabisa lakini jicho bado linaona alama, madini yamekaa muda mrefu na jua limeyasaidia kuila klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda rangi yenyewe. Hapo siki haina kazi. Panahitaji kupigwa polishi na fundi mwenye mashine, tena kwa kiasi, kwa sababu klia ni nyembamba kuliko unywele na kila polishi inapunguza kidogo.

Kama madini yako juu, fanya hivi. Weka gari kivulini, boneti iwe ya baridi. Changanya siki na maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya doa kama dakika moja au mbili, kisha futa bila kukandamiza. Usiiache siki ikauke. Suuza kwa maji mengi, kausha, pima tena kwa kidole. Likigoma, rudia mara moja. Likigoma tena, mpelekee fundi.

Maji hayo yasiyo na madini yanauzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri! Asidi ya betri nayo huuzwa hapo hapo, na hiyo itakula rangi na ngozi yako.

Halafu kuna stiliwaya. Jamaa mmoja wa hosteli yetu aliona viduara vimegoma, akavisugua kwa stiliwaya kama anaosha sufuria. Viduara viliondoka, na klia ikaondoka navyo. Nusu ya bumu lake iliishia kwa fundi rangi. Unga wa kusugulia vyombo nao ni hivyo hivyo.

Bora zaidi ni kutosubiri doa. Osha asubuhi au jioni. Osha kipande, suuza kipande, usisabuni gari zima kisha ukaanze kuchati. Kausha kwa taulo laini kabla jua halijakukaushia, kwa sababu tone ulilolifuta haliachi madini. Msimu wa mvua, kinga ndoo moja ya maji safi ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho, maana hayo hayajapita kwenye miamba. Na gari likipakwa waksi, madini hayashiki kirahisi.

La mwisho ni la biashara. Kabla hujamwaga maji, zunguka gari pamoja na mwenyewe. Mwonyeshe madoa aliyokuja nayo, mpitishie kidole chake mwenyewe juu yake, mkubaliane bei ya kuosha na bei ya kutoa madoa. Mteja akishaelewa doa limetoka wapi, hakukati hela, na Jumamosi ijayo anakutafuta wewe.