Kuunganisha Safu Zenye Safu Ndani Yake katika Lugha ya PHP: Mfano wa Mialo ya Pangani

Makala haya yanafafanua namna safu zenye safu ndani yake zinavyounganishwa katika lugha ya programu ya PHP. Hoja yake ni kwamba uteuzi wa amri hauna budi kutanguliwa na swali kuhusu maana ya data: je, thamani mbili zenye ufunguo mmoja zinajumlishwa, au ya pili inasahihisha ya kwanza?

Tuchukue mfano uliobuniwa wa samaki waliopimwa katika mialo miwili ya Wilaya ya Pangani, yaani Kipumbwi na Mkwaja. Jina la mwalo ni ufunguo wa safu ya nje, aina ya samaki ni ufunguo wa safu ya ndani, na thamani ni kilo. Asubuhi Kipumbwi ilipokea dagaa kilo 120 na pweza kilo 15. Mkwaja ilipokea changu kilo 40. Jioni Kipumbwi ilipokea dagaa wengine kilo 85. Jumla halisi ni kilo 260.

Amri ya array_merge hulinganisha funguo za nje pekee. Safu ya Kipumbwi ya jioni hufuta ile ya asubuhi yote, pweza wakiwemo, na jumla huwa 125. Amri ya array_replace_recursive hushuka hadi safu ya ndani: pweza husalia, lakini 85 huchukua nafasi ya 120, na jumla huwa 140. Nayo array_merge_recursive haipotezi chochote. Huziweka 120 na 85 katika safu mpya chini ya ufunguo wa dagaa. Hata hivyo, array_sum ikitumika kwa kila mwalo huiruka safu hiyo, na jumla hushuka hadi 55. Kabla ya toleo la 8.3, hilo lilitokea bila onyo lolote.

Aidha, mialo ikitambuliwa kwa namba badala ya majina, array_merge na array_merge_recursive huzipanga namba upya, hata mwalo mmoja ukahesabiwa kuwa miwili.

Hivyo basi, njia inayofaa hapa ni kupitia kila mwalo na kila aina ya samaki kwa kitanzi, huku kilo mpya zikiongezwa kwenye zilizokwisha kuwapo, au kwenye sifuri pale ambapo hazipo. Njia hiyo hutoa 260. Lakini iwapo rekodi ya jioni ilikusudiwa kusahihisha mizani ya asubuhi, array_replace_recursive ndiyo sahihi, na kujumlisha ndilo kosa. Kwa sababu hiyo, fomu ya mwaloni yapaswa kubainisha kama ingizo ni shehena mpya au sahihisho, kwani programu haiwezi kulikisia jambo hilo kutokana na tarakimu pekee.