Giaboksi Imekufa? Pima Sensa Kwanza, Ugomvi Baadaye!

Ugomvi wa ndani ya nyumba una vyanzo vingi: simu, mawifi, ada za watoto. Kwa wenye magari, ongeza giaboksi.

Pata picha. Mnaishi Tunduma na mna Noah ya otomatiki mliyoinunua kwa kujibana. Mama anaitumia kufuata mzigo wa duka Mbeya, zaidi ya kilometa 100 kwenda. Siku moja gari linaanza vituko: gia zinaingia kwa kishindo kama mmegongwa nyuma, mshale wa spidi umelala kwenye sifuri huku mnatembea, taa ya ovadraivu inapepesa. Fundi wa kwanza, hata boneti hajafungua, anatoa hukumu: "Giaboksi imekufa hiyo, tafuteni hela." Maneno yanaanza. Nani aliliendesha mara ya mwisho? Nani aling'ang'ania otomatiki? Akiba ya kiwanja inatajwa, na kabla ya usiku kuingia mtu kalala sebuleni.

Shusheni pumzi kwanza.

Giaboksi ya otomatiki huongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo hutegemea sensa za mwendo. Moja husoma kasi ya shafti inayoingia kutoka injini, nyingine kasi ya shafti inayotoka kwenda matairini. Kwa kulinganisha hizo mbili, kompyuta inajua ibadili gia lini na kwa nguvu kiasi gani. Sensa ikinyamaza au ikidanganya, kompyuta hubahatisha, au hujihami kwa kubaki na gia moja. Wewe uliye ndani unaapa giaboksi imekwisha, kumbe anayeumwa ni mjumbe tu.

Mjumbe mwenyewe ni kidude cha kuenea kiganjani, kimechomekwa ubavuni mwa giaboksi, kule kunakorukiwa na matope ya barabara za vijijini Mbozi wakati wa mvua. Soketi inashika kutu, waya unakatika, ncha yenye sumaku inakusanya unga wa chuma.

Sasa utajuaje? Anza na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, injini inanguruma lakini gari halivuti, basi fundi ana hoja: klachi za ndani zimelika. Ikiwa nyekundu safi, gari linavuta vizuri ila gia zinashtua, mshukiwa wa kwanza ni sensa au nyaya zake. Angalizo: magari mengi ya karibuni huchukua spidi ya dashibodi kutoka sensa za ABS za matairi, hivyo mshale kufanya kazi hakuisafishi sensa ya giaboksi.

Kisha mtafute fundi umeme mwenye mashine ya kupimia. Namba P0500 inahusu mwendo wa gari, P0715 shafti inayoingia, P0720 inayotoka. Kwa Toyota za zamani zenye kiboksi cha kupimia chini ya boneti, fundi huunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kuwasha injini, kisha anahesabu taa ya ovadraivu inavyopepesa. Mara nne, pumziko, mara mbili: hiyo ni 42, sensa ya mwendo. 61 nayo ni sensa. 62 na 63 ni solenoidi, kesi nyingine kabisa.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Namba inasema taarifa haifiki, haisemi nani kaizuia. Kabla ya kununua sensa, soketi isafishwe, nyaya zifuatwe, na sensa yenyewe ipimwe kwa mita. Zile za nyaya mbili kwenye giaboksi kadhaa za Toyota husoma kati ya omu 560 na 680 zikiwa za baridi. Mita isiposoma kitu, imekatika ndani. Zenye nyaya tatu hupimwa umeme unaoingia, athi, na mapigo yanayotoka gurudumu likizungushwa.

Kwa maoni yangu, gereji nendeni wawili. Dada akienda peke yake, baadhi ya mafundi humwona ATM. Kaka akienda peke yake, anaona aibu kuuliza. Mwombeni fundi awaandikie namba kwenye karatasi. Na mkivuka Nakonde kutafuta spea, bebeni sensa ya zamani mkononi, maana zinafanana kama mapacha ila soketi zinakataa.

Tafadhali msiliahirishe. Kuteremka Mlima Senjele katikati ya malori ya shaba, hujui gari litashika gia gani, si jambo la kusema "tutaona mwezi ujao".

Sensa ikishafungwa, fundi afute namba kwenye kompyuta. Halafu pandeni wote mwende mpaka Vwawa na kurudi, mmoja ameshika usukani, mwenzake anatazama mshale na taa ya ovadraivu. Isipopepesa tena, mlipeni fundi.